Filta sita za rangi kwa picha za sayari: nyekundu imenilipa, bluu ilinidanganya

Naanza na ile ya bluu manake ndo iliyonifanya nikae niandike haya yote. Usiku wa kwanza wa kuilenga Mirihi kwa darubini nilipiga video kwa filta nyekundu, nikaitoa nikafunga ya bluu, nikapiga tena, nikaingia ndani kuzichakata, af nikaziweka zile picha mbili moja juu ya nyingine nikawa nazibadilisha haraka haraka, nyekundu, bluu, nyekundu, bluu, nikisubiri kuona sura mbili tofauti. Hamna kitu. Picha ni ile ile. Lile doa jeusi la Syrtis Major, eneo kubwa la ardhi ya Mirihi, limekaa pale pale na weusi ule ule, tofauti pekee ni kwamba ya bluu ina chenga kama tivii isiyo na antena. Nikadhani nimechanganya majina ya mafaili, nikatoka nje tena na baridi ile nikarudia, yale yale.

Sasa kama hujawahi kucheza na hivi vitu utauliza kuna ubaya gani, picha si zimetoka? Ubaya ni kwamba kwenye bluu ya kweli Mirihi haitakiwi kuonyesha lile doa, au likionekana liwe la kuhisi tu. Vumbi lake la kutu linameza mwanga wa bluu, mawe yake meusi nayo yanaumeza, kwa hiyo uso wote unalingana, unakuwa kama sahani tupu, na kinachobaki kung'aa ni barafu ya ncha, mawingu na ukungu wa pembezoni. Ndo maana watu wanahangaika na bluu, wanatafuta hali ya hewa ya Mirihi sio ardhi yake. Ukiona bluu yako inakuonyesha ardhi ujue kuna mwanga mwingine umepita kwa mlango wa nyuma.

Nirudi nyuma kidogo niseme nilichonunua. Ni boksi la plastiki lenye filta sita za inchi 1.25, hesi yake ile ya kawaida ya M28.5, kila moja imelala kwenye kishimo chake cha sponji: njano namba 12, chungwa 21, nyekundu 25, kijani 58, bluu 80A na zambarau 47. Hizo namba ni za Wratten, mfumo wa zamani wa wapiga picha, jina la Muingereza Frederick Wratten ambaye kampuni yake ilinunuliwa na Kodak mwaka 1912, na mpaka leo ukimwambia mtu wa darubini "ishirini na tano" anajua unaongelea nyekundu bila kuuliza. Boksi halina jina la maana, limeandikwa namba tu, na tangazo la duka lilisema "kwa kuangalia na kupiga picha za sayari". Hapo kwenye "kupiga picha" ndo nina ugomvi napo.

Upande wangu natumia darubini ya kioo (inakusanya mwanga kwa kioo kama cha kujitazamia, sio kwa lenzi) ya milimita 200, urefu wa fokasi milimita 1200, mbele ya kamera naweka lenzi ya Barlow, ile ya kukuza picha, ya mara mbili, na kamera yenyewe ni ndogo ya sayari, nyeusi na nyeupe, pikseli za mikroni 2.9. Ukipiga hesabu kila pikseli inabeba kama robo ya sekunde ya tao (nyuzi moja ina sekunde 3,600 za aina hiyo). Mirihi ilipotukaribia Januari 2025 ilikuwa na upana wa sekunde 14.6 tu, yaani kwangu mimi ni kaduara ka pikseli 58. Hamsini na nane! Kipicha cha wasifu kwenye simu yako ni kikubwa kuliko hicho. Mwaka 2020 ilifika 22.6 ila wakati huo nilikuwa sina kamera, tusiongelee.

Kilichonifungua macho ni rimoti ya tivii. Nilichomoa kamera kwenye darubini, nikaifunga kale kalenzi kadogo kalikokuja nayo, nikaielekeza kwenye rimoti nikabonyeza. Kale kataa ka mbele ambako kwa macho hukaoni kabisa, kwenye skrini kanawaka kama tochi. Hiyo ni infraredi, sensa za aina hii (kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga) zinaiona mpaka karibu nanomita 1000, kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga, wakati jicho letu linaishia kama 700 hivi. Haya, nikashika filta ya bluu mbele ya lenzi. Tochi iko pale pale. Kijani, iko pale pale. Zambarau, ambayo ukiitazamia taa ya chumbani ni kama umefumba macho, tochi inawaka utadhani sijaweka kitu. Nikacheka mwenyewe kama chizi.

Kumbe ndo zilivyo. Filta za namna hii, kioo kilichotiwa rangi basi, zimetengenezwa kwa ajili ya jicho, na kwa kuwa jicho halioni infraredi hakuna aliyejisumbua kuizuia. Jicho likiwa kwenye darubini filta hizi hazina kosa lolote, bluu ni bluu. Tatizo linaanza ukiweka sensa. Mirihi inarudisha mwanga mwingi sana kwenye nyekundu na infraredi na kidogo tu kwenye bluu, kwa hiyo hata uvujaji wa kawaida unaizidi nguvu ile bluu unayoitaka, unabaki unapiga picha ya infraredi huku filta imeandikwa 80A. Na hiyo 80A hata kwa mwanga wa kawaida sio bluu kali, ni bluu ya maji, inapitisha kijani na wekundu kiasi, manake kazi yake ya asili haikuwa sayari, ilikuwa kurekebisha rangi ya taa za tungsten, zile balbu za zamani za waya, kwa waliokuwa wanapiga na filamu ya mchana.

Dawa yake ni filta moja tu, ile inayoonekana kama kioo cheupe chenye mng'ao wa pinki ukiigeuza, inayozuia infraredi na ultravioleti (mwanga usioonekana wa upande wa pili, kupita zambarau) na kuacha kati ya nanomita 400 na 700 zipite. Unaifunga pamoja na ya rangi, moja juu ya nyingine. Nilirudi kwenye rimoti kwanza, bluu pamoja na hiyo, nikabonyeza: giza. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kuona giza. Kisha usiku uliofuata Mirihi tena, na safari hii Syrtis Major ikabaki kivuli cha mbali, ncha ya kaskazini ikawa nyeupe kali kama jino, na ukingo mmoja wa sayari una ukungu mweupe ambao kwenye nyekundu haupo kabisa. Nilikaa nikizibadilisha badilisha zile picha mbili, nyekundu, bluu, nyekundu, bluu, mpaka laptopu ikalia chaji.

Hiyo filta ya kuzuia infraredi haiko kwenye boksi. Hapo ndo ninapowalaumu wauzaji. Nilimwandikia yule wa dukani nikamuuliza kama ana grafu ya kuonyesha kila filta inapitisha mwanga wa wapi mpaka wapi, akanijibu "filta ni original bosi, wateja wote wamefurahi". Sikuuliza furaha ya wateja. Mtu akikuuzia filta ya picha bila grafu chukulia tu kwamba inavuja infraredi, af uipime na rimoti mwenyewe.

Nyekundu sasa. Hii sina neno nayo. Namba 25 inapitisha kama asilimia 14 ya mwanga unaoonekana, kwa sayari angavu na kioo cha milimita 200 hiyo inatosha kabisa, na kuvuja kwake infraredi hakunisumbui kwa sababu kwenye Mirihi infraredi na nyekundu zinasema lugha moja. Halafu kuna faida ambayo watu hawaisemi vya kutosha: hewa yetu ikichemka, ule mtetemo unaofanya sayari ionekane kama sarafu chini ya maji, mwanga mwekundu unateseka kidogo kuliko wa bluu. Usiku ambao bluu ni uji mtupu, nyekundu bado unapata kitu. Kawaida yangu napiga dakika tatu na programu ya FireCapture, fremu kama milisekunde 8 kila moja, zinatoka karibu 20,000, programu ya AutoStakkert inachagua zile asilimia 15 zilizotulia na kuzipandanisha, af nyingine ya RegiStax kunoa. Fremu moja peke yake ukiitazama ni doa la kijivu lililochoka, huwezi amini ndani yake kuna ramani. Elfu tatu zikipandana unaanza kuona mikono ya yale madoa meusi.

Pia ni nzuri kwa Mwezi wa mchana. Anga la bluu linakuwa jeusi zaidi, na Mwezi unakatika vizuri kama umepigwa saa sita usiku. Sikutegemea hiyo.

Kijani 58 iko katikati, ukiipa filta ya kuzuia infraredi inafanya kazi, hasa ukitaka kujenga picha ya rangi kamili kwa kupiga nyekundu, kijani na bluu kisha kuziunganisha. Kwenye Mirihi wengine wanaruka kijani wanatengeneza ya bandia kwa kuchanganya nyekundu na bluu nusu kwa nusu, nimejaribu, inapita, macho ya kawaida hayashtuki. Chungwa 21 ni nyekundu iliyolegea. Njano 12 kwa darubini ya kioo na kamera sijaiona kazi yake, ingawa mwenye darubini ya lenzi ya bei ya chini, ile inayoacha ukungu wa zambarau kuzunguka kila kitu kinachong'aa, ataipenda manake inakata ule uzambarau na picha inakaza.

Mshtarii ndo iliyonichosha. Sio kosa la filta, ni kosa la kubadilisha kwa mkono. Mshtarii inajizungusha mzunguko mzima kwa saa 9 na dakika 55, na ilikuwa na upana wa kama sekunde 46 wakati huo, ukipiga hesabu kwa mfumo wangu alama iliyo katikati ya uso wake inasogea karibu pikseli moja kila dakika. Pikseli moja kwa dakika! Sasa wewe piga nyekundu dakika moja na nusu, chomoa kamera, fungua filta gizani na vidole vimekufa ganzi, funga nyingine, rudisha kamera, itafute sayari imetoka nje ya skrini, weka fokasi upya, piga. Zimeshapita dakika tano. Ukiunganisha rangi, kila kitu kina pindo jekundu upande mmoja na la bluu upande wa pili. Programu ya WinJUPOS inaweza kuirudisha sayari nyuma ili rangi zikae sawa, na inafanya vizuri sana, ila bado ni kazi. Mirihi haina haraka hivyo, pikseli moja ni karibu dakika nane, unaweza kunywa chai katikati. Kwa Mshtarii tafuta gurudumu la filta, hizi hizi zinaingia humo, unazungusha tu kwa kidole.

Nimesema fokasi upya, na hilo ni kosa lingine la boksi hili. Vioo havilingani unene. Kioo ukiweka mbele ya kamera kinasukuma fokasi nyuma kwa kama theluthi ya unene wake, kwa hiyo kama hii ni nene kuliko ile kwa nusu milimita tu, umeshatoka. Filta zilizotengenezwa kwa ajili ya kamera zinalinganishwa kwa makusudi ili uweke fokasi mara moja. Hizi hapana, kila ukibadilisha unaanza upya, na kuweka fokasi kwenye bluu yenye giza na hewa inayochemka ni kubahatisha. Mimi huwa natumia mwezi mmojawapo wa Mshtarii, nikiona kamekuwa kanukta nasimama hapo.

Na hesi. Ya bluu hesi yake imechongwa ovyo, siku ya tatu ikanata kwenye ile ya kuzuia infraredi, haitoki mbele wala nyuma. Nilivyozidi kuikamata kwa nguvu ndo ilivyozidi kugoma, na hii nimejifunza kwa tabu: pete ni nyembamba, ukiibana kwa vidole viwili inakuwa yai, hesi zinabana zaidi. Kilichonisaidia ni kiatu cha raba. Nililaza filta kifudifudi kwenye soli safi, nikaikandamiza kwa kiganja ili nguvu isambae pete nzima, nikazungusha taratibu, ikaachia kwa mlio mdogo kama kifundo cha kidole. Sasa hivi nazifunga mpaka zinaposimama tu, sikazi.

Kingine, vioo havina ile koti ya kuzuia mng'ao. Kila uso wa kioo kisicho na koti unarudisha kama asilimia 4 ya mwanga, na mwanga huo unagonga sensa, unarudi, unagonga filta, unarudi tena. Matokeo yake Mshtarii yangu ilikuwa na mzimu, kaduara hafifu pembeni yake. Usiku wa kwanza nilidhani nimegundua kitu. Sikugundua kitu.

Kwa wenye kamera ya rangi, na najua ni wengi, hili boksi msinunue. Kamera yako tayari ina vifilta vidogo juu ya kila pikseli, kijani mbili, nyekundu moja, bluu moja, kwa hiyo ukiweka nyekundu mbele unabaki unatumia robo ya pikseli zako tu, na kile ulichopata ungekipata kwa kutenganisha rangi kwenye programu bure. Nyie nunueni ile ya kuzuia infraredi basi. Na hili nalisema kwa kila mtu: hakuna filta yoyote humu ndani ya kuangalizia Jua, hata hiyo zambarau inayoonekana nyeusi, tena hiyo ndo mbaya zaidi manake jicho linaona giza huku infraredi inaingia yote. Jua lina filta yake, inayofunika mdomo wote wa darubini kwa mbele.

Nyota nitatoa tatu kati ya tano kama ni boksi zima. Ningekuwa naanza upya ningenunua nyekundu 25 peke yake, ya kuzuia infraredi nzuri, na bluu ya kamera ya kweli yenye grafu yake, bei ingekuwa kubwa kidogo ila nisingepoteza wiki mbili na rimoti mkononi.

Ila ningeikosa zambarau. Hii sikuinunua, ilikuja na wenzake tu, inapitisha asilimia 3 ya mwanga unaoonekana, kwa Mirihi na Zohali ni bure kabisa, giza. Lakini Januari hiyo hiyo Zuhura ilikuwa juu jioni, tarehe 10 ilionekana mbali zaidi na Jua angani, nusu duara safi, na Zuhura ina mwanga wa kugawa. Kwa macho na kwa filta nyingine zote ni yai lililomenywa, jeupe, halina alama hata moja. Mawingu yake yana kitu kinachomeza ultravioleti na kinaanza kuonekana kidogo kwenye zambarau, so nikafunga 47 pamoja na ya kuzuia infraredi (bila hiyo usijisumbue, utapata yai lile lile), nikaongeza muda wa fremu mpaka milisekunde 20, nikapiga kabla giza halijaingia vizuri. Nilivyokaza kontrasti ikatokea mistari miwili ya kijivu hafifu, imepinda kama herufi C iliyolala, inatokea kwenye mpaka wa usiku na mchana. Nilipiga tena nusu saa baadaye kuhakikisha sio uchafu. Ipo.

Na kuna historia hapo ambayo huwa napenda kuwasimulia wanaodhani bila darubini ya chuo kikuu huwezi kitu. Mwaka 1957 hakimu mmoja Mfaransa aliyekuwa akiishi Brazzaville, Charles Boyer, alikuwa anapiga Zuhura kwa filta ya namna hii na darubini yake ya ridhaa, akaona alama zinarudi pale pale kila baada ya siku nne hivi. Sayari yenyewe inachukua siku 243 kujizungusha, mawingu ya juu siku nne tu. Wengi hawakumwamini. Chombo cha anga cha Marekani Mariner 10 kilipopita karibu na Zuhura Februari 1974 na kamera ya ultravioleti, kikaona mawingu yanakimbia vile vile.

Kwa hiyo na mimi nikahesabu siku nne, nikatoa darubini mapema, nikafunga 47 yangu, nikasubiri ile C irudi. Jioni hiyo kulikuwa na mawingu. Ya Dunia.